Mbwa wa Shambani Si Mzururaji

Mkinikuta barabarani hapa Ufukoni nimemsimamisha mwendesha baiskeli, kuku wake wananing'inia kichwa chini kwenye usukani, msinionee aibu. Nimestaafu kazi, sijastaafu hasira. Yule wa juzi aliniambia, "Mama, kuku wenyewe wanakwenda kuchinjwa tu." Nikamwambia na yeye siku moja atakwenda kuzikwa, je, tumning'inize miguu juu kuanzia leo? Watu walicheka, yeye akanuna, lakini aliwafungua kuku akawapanga kwenye tenga. Tenga alikuwa nalo muda wote, limefungwa nyuma ya baiskeli, tupu. Aliwaning'iniza ili wateja wawaone vizuri. Hilo ndilo lililonipandisha mori.

Sasa mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi, nyinyi vijana mliojiunga na chama chetu cha kutetea wanyama, mna simu nzuri na fulana zenye nembo. Sisi tulikuwa na baiskeli moja, boksi la barafu la kubebea chanjo, na Mzee Chikoti. Mzee Chikoti alikuwa Mmakonde aliyeogesha ng'ombe kwenye josho miaka mingi kabla hajaja kwetu. Mimi, Mama Neema, nilikuwa nimetoka Njombe nikimfuata mume wangu aliyepata kazi bandarini. Nilikuwa na cheti cha mifugo na mdomo usio na breki. Cheti hakikunisaidia siku ya kwanza. Nilimwendea mbwa uso kwa uso, nimemkazia macho kama mwalimu wa zamu, akanipiga meno ya paja.

Nilitegemea pole. Mzee Chikoti akasema, "Umemtukana, naye amekujibu."

Ndiye aliyenifundisha. Mbwa unamwendea kwa ubavu, huku unaangalia pembeni kana kwamba una safari zako. Unachuchumaa. Unamwacha akunuse. Sindano inakaa ndani ya kiganja, haonyeshwi. Mdomo unafungwa kwa kipande cha khanga kuukuu, maana kamba inachuna. Na ukiumwa, kabla hujaanza kulia, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakina subira. Haya yote mtayakuta kwenye vitabu vyenu. Lipo moja ambalo halimo, naye alilirudia mpaka nikachoka: usimguse mbwa kabla hujazungumza na mwenye mbwa. Nilidhani ni adabu tu za watu wa huku. Nisikilizeni basi niwaambie lilivyogharimu, na si mimi niliyelipa.

Ng'ambo ya Mtawanya, mji unapoishia na mikorosho kuanza, alikuwepo mwanamke mmoja akiitwa Bi Somoe. Alikuwa mjane, amenizidi umri kwa miaka kama ishirini, analima mihogo yake mwenyewe kwa jembe la mkono. Mbwa wake alimwita Hawachoki. Nilipomuuliza jina hilo limetoka wapi, alinyoosha kidole kuelekea kwa jirani zake akasema, "Wale. Hawachoki kunisema." Kila alipomwita mbwa kwa sauti, jirani walipata ujumbe wao. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Hawachoki alikuwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limechanika. Kazi yake ilikuwa nguruwe pori. Kama hamjawahi kuona shamba la mihogo lililoingiliwa na nguruwe, shukuruni. Wanafukua kila shina, wanatafuna kidogo hapa, kidogo pale, asubuhi unakuta ardhi imepinduliwa na chakula cha mwaka mzima kimetapakaa. Tumbili ukimrushia jiwe anakimbia. Nguruwe hakimbii mtu mmoja, tena mwanamke mzee. Anamkimbia mbwa.

Na mbwa yule hakulala nyumbani kwa Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa na wudhu wake na mswala wake. Mate ya mbwa yakimgusa anaosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa alikuwa na kwake shambani, chini ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia mazao. Huko alijengewa kivuli cha makuti, huko alipelekewa ugali na vichwa vya dagaa kila siku, asubuhi na jioni. Nimeona mbwa wa mjini wenye mageti na minyororo wanaokula mara moja kwa siku mbili. Hawachoki hakukosa mlo. Siku za chanjo Bi Somoe alimleta mwenyewe kwa kamba ndefu, akasimama mbali kidogo, akawa anamsemesha Kimakonde taratibu mpaka nikamaliza kumdunga. Kadi yake ya chanjo aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga kwenye upindo wa khanga.

Hivyo ndivyo wanavyofuga vijiji vyote vya huku. Mwenyewe kijijini, mbwa shambani. Nililiona hilo kwa macho yangu miaka na miaka. Kuliona nililiona, kulielewa bado.

Ukatokea mwaka ambao mbwa mwenye kichaa aliuma watu mjini, na mtoto mmoja akafariki. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Ofisi moja, sitaitaja, ikataka kumwaga nyama yenye sumu mitaani kama ilivyowahi kufanya. Sumu ile niliwahi kuiona ikifanya kazi, na sitawasimulia, maana nataka mle chakula chenu kwa amani. Nilivamia ofisi ile. Nilipiga meza. Niliwaambia wachanje mbwa, si kuwalisha sumu, na kama ni lazima wauawe wale wasio na mwenyewe, basi kuwe na utaratibu ulioandikwa. Wakaniambia, haya mama, andika wewe.

Jamani, nilivimba kichwa. Niliketi pale kwenye kiti cha kuzunguka, nimeletewa chai na chapati, nikaandika utaratibu mzima kwa mkono wangu: chanjo kwanza, na kwa wazururaji risasi badala ya sumu. Na katikati niliandika sentensi hii: mbwa yeyote atakayekutwa akilala nje ya makazi ya mwenyewe atahesabika kuwa mzururaji. Kwetu Njombe mbwa analala mlangoni. Mbwa asiye na mlango hana mtu. Niliona nimeandika jambo lililo wazi mchana kweupe.

Niliporudi nilimsomea Mzee Chikoti kwa mbwembwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na wa shambani?"

"Wa shambani wana kadi, Mzee."

"Sijauliza kadi. Nimeuliza analala wapi."

"Mzee, tumezuia sumu. Tufurahi kidogo."

"Wenyewe umewauliza?"

Nilimjibu kwamba hakuna muda wa kuzunguka mashamba yote. Mkataba wa makubaliano ulikuwa unasubiri saini ya chama. Nikasaini. Aliendelea kufua vitambaa vyake vya kufungia mbwa midomo. Hakunisemesha mpaka kesho yake. Leo nikikumbuka kimya kile nataka kujichapa mwenyewe.

Haikupita hata wiki mbili. Nilikuwa sokoni nikigombana na mtu aliyefunga mbuzi watatu kwenye bodaboda moja, simu ikaita. Mzee Chikoti hakunisalimu. Alisema, "Wako mashambani na bunduki. Njoo." Nikapanda bodaboda ya yuleyule niliyekuwa nagombana naye, mbuzi wakabaki chini wakishangaa.

Nilipofika, mbwa walikuwa wamelala wamekufa chini ya mikorosho hapa na pale. Siwahesabu. Mbwa niliowachanja mwenyewe, ninaowajua kwa majina. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa kando ya mbwa wake, amemfunika kwa majani ya mkorosho. Nikakimbilia shamba la Bi Somoe.

Alikuwa amesimama mbele ya dungu lake na mikono ameipanua. Nyuma yake Hawachoki alikuwa akibweka mpaka povu linamtoka mdomoni. Mbele yake alisimama Mashaka, aliyekodiwa na ofisi kupiga risasi. Msidhani alikuwa mtu katili. Alikuwa kijana mpole, amevua kofia kwa heshima ya yule mama, bunduki imetazama chini. Wapole wenye karatasi wamenitesa kuliko wakorofi wote niliowahi kupambana nao.

Bi Somoe aliponiona alishusha pumzi. Akafungua upindo wa khanga, akatoa kadi.

"Mwanangu, umekuja. Mwambie huyu. Si wewe umemdunga?"

"Ni mimi, bibi."

"Hii si saini yako?"

"Ni yangu."

Mashaka akatoa karatasi yake mfukoni, ameikunja vizuri. "Mama Neema, shikamoo. Kadi nimeiona. Hakuna aliyesema mbwa hajachanjwa. Lakini hapa imeandikwa analala wapi. Nimemuuliza mama, analala nyumbani? Amesema hapana, analala huku. Hakunidanganya." Kisha akanionyesha chini ya karatasi. "Na hii pia si saini yako?"

Bi Somoe alitazama kadi, akatazama karatasi. Hakuwa amesoma sana lakini saini mbili zinazofanana anaziona hata asiyesoma. Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu tangu nizaliwe.

Nilimwambia kwa haraka, "Bibi, mchukue nyumbani kwako leo tu." Mjinga mimi. Bado nilikuwa natafuta namna ya kuiokoa sentensi yangu.

"Nyumbani kwangu ni chumba kimoja, mwanangu. Ndicho ninachoswalia."

Hapo ndipo nilipodanganya. Nilisema mbwa huyu ni wangu, nimenunua kwa mama huyu, anahamia kwangu Ufukoni. Mashaka akaandika kwenye daftari: mwenye mbwa, Mama Neema, Ufukoni. Akavaa kofia yake, akaondoka kuelekea shamba la pili. Nilijiona nimeshinda. Bi Somoe akampa Hawachoki ugali uliobaki, akanikabidhi kamba. Aliuliza jambo moja tu. "Na leo nguruwe wakija?" Nikamwambia nitalishughulikia.

Nilimfunga uani kwangu kwa kamba ya katani. Mimi, mtu wa kuzuia ukatili, nilimfunga mbwa ambaye hajawahi kufungwa maisha yake yote. Nilimpa maini, hakugusa. Nilimpa mifupa, akaigeuzia mgongo. Alilia mfululizo, amekaza shingo kuelekea upande wa mashamba. Majirani walinivumilia, mmoja alinigongea akasema kwa upole, "Mama Neema, mgeni wako hajazoea." Nilinunua ukosi mwekundu wa ngozi nikamvalisha, ili akionekana popote ijulikane ana mtu. Siku ya tatu, mchana, nikiwa kazini, aliitafuna kamba akaondoka.

Alifika. Hilo nataka mlijue. Alikatiza mji mzima, akafika mpaka kwenye mikorosho inayopakana na shamba lake. Mzee Chikoti ndiye aliyemkuta, na ukosi wangu mwekundu shingoni. Nilimwendea Mashaka nikamuuliza kwa nini alimpiga risasi mbwa aliyevaa ukosi. Alifungua daftari.

"Mama, uliniambia anakaa Ufukoni. Nilimkuta mbali mno na Ufukoni. Kama ni mzururaji, basi ndiye huyo."

Angalau ningekiri pale shambani kwamba sentensi ni mbovu, ningeichana karatasi mbele ya watu, wangenishitaki, sawa, ningeshitakiwa. Badala yake nilimhamisha mbwa kazini kwake ili yeye afanane na karatasi. Kiumbe aliyerudi kwenye zamu yake akapigwa risasi kwa uzururaji, nasi tuliomwita mzururaji tulikuwa tumekaa ofisini tunakunywa chai.

Nilimpelekea Bi Somoe mtoto wa mbwa, mzuri, mwenye afya, nimemweka kapuni. Nilimkuta dunguni, macho mekundu. Alikuwa amekesha akigonga debe tangu mbwa aondoke, na robo ya shamba ilikuwa imeshapinduliwa. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alimwangalia yule mtoto wa mbwa, hata akatabasamu kidogo, maana kalikuwa kanachekesha. Kisha akaniuliza, "Nitamlaza wapi?"

Kwa karatasi yangu, hakuwa na mahali pa kumlaza. Nilirudi na kapu langu.

Basi nikaenda ofisini kuifuta sentensi. Mliozoea kufuta neno kwenye simu kwa kidole mnadhani ni kazi ndogo. Afisa aliniambia sentensi ni ya chama chenu, mmeileta wenyewe, imepigwa muhuri, kuiondoa mpaka kikao. Kikao kikakosa akidi. Kikao cha pili mwenyekiti alisafiri. Cha tatu wakasema tulete barua, tukaleta barua, wakasema barua haina kumbukumbu namba. Mmoja alinicheka waziwazi: "Mama, mbona unajipinga mwenyewe?" Nilimwambia ndiyo, najipinga, na wewe ungejaribu siku moja ungekuwa mtu wa maana. Nilitolewa nje. Nikarudi kesho yake. Mzee Chikoti, wakati huo anatembelea fimbo, alikuwa akija kukaa nami kwenye lile benchi la nje, anakaa tu ili nisiwe peke yangu.

Safari hii tulizunguka mashamba kwanza. Tulikaa na wenye mbwa, tukauliza: mbwa analala wapi, anakula nini, nani anamwita akaitika. Tuliandika walivyosema wao. Utaratibu mpya ukasema mbwa ana mwenyewe kama yupo mtu anayemlisha, anayemchanja na anayemwitikia, popote anapolala. Si sentensi ya ajabu. Mtoto wa darasa la nne angeiandika, mradi awe ameuliza. Ilichukua misimu miwili ya mihogo kupita. Misimu miwili, kwa mstari mmoja niliouandika huku natafuna chapati.

Siku ilipopigwa muhuri nilikwenda mbio kumwambia Bi Somoe. Shambani sikumkuta. Dungu lilikuwa limeanguka upande, magugu yamefika kifuani. Jirani, mmoja wa walewale waliosemwa kwa jina la mbwa, aliniambia mama aliacha kulima, nguruwe walimshinda, amehamia kwa binti yake Magomeni, hapahapa mjini.

Nilimkuta Magomeni amekaa kwenye kibaraza cha binti yake, mikono imetulia mapajani. Mikono ile sikuwahi kuiona bila jembe, au kisu cha kumenyea mihogo, au kamba ya mbwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea mkeka. Nikamwambia, "Bibi, ile sentensi wameifuta. Sasa mbwa anaruhusiwa kulala shambani."

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri."

Tulikaa. Alimuulizia Mzee Chikoti, nikamwambia miguu inamsumbua. Aliniuliza kama wanangu wazima. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na laiti angenilaumu. Binti yake alikuwa hajarudi kutoka kazini, na adhuhuri ilikuwa inakaribia. Bi Somoe akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa kapu, akanipa.

"Nipitie genge la hapo kona," alisema. "Ninunulie mihogo ya mchana."

Nilikwenda. Muuza genge aliniuliza nataka mihogo ya wapi, kuna ya huku na ya ng'ambo ya Mtawanya, nami nilisimama mbele ya yale mafungu nikilia, watu wazima na watoto wananitazama.